Naombeni ushauri: fizi zangu ni nyembamba, nifunge waya za meno au niache?

BintiBahati: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 27, naishi Nakuru. Meno yangu ya mbele ya chini yamepandana tangu utotoni, na nimeweka akiba miaka miwili ili nifunge waya. Daktari mmoja kaniambia fizi za chini ni nyembamba mno, zishughulikiwe kwanza. Wa pili anasema hakuna shida. Nimsikilize nani? Usingizi sina.

BabaPacha_Lanet: Pole dada. Je, si ya kahawia? Sisi tuliokunywa maji ya visima vya huku tunaijua floridi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia. Shuleni nilikuwa nacheka nimeziba mdomo kwa mkono. Ningekuwa wewe ningeanza na rangi.

BintiBahati: Rangi si tatizo, kaka. Naomba turudi kwenye fizi.

NyarKondele: Babu yangu aling'olewa meno sita ya chini akiwa kijana, ndiyo iliyokuwa desturi ya Wajaluo, na samaki alimla mpaka uzeeni. Leo mnalipa pesa kunyoosha yale ambayo wazee waliyatoa. Shukuru unayo.

Shangazi_Kakamega: Mimi si daktari, ila nimemsaidia daktari wa meno miaka 11. Mwanangu, hao wawili walikupima vipi?

BintiBahati: Wa kwanza alinipa kioo nishike. Akaingiza kijiti cha chuma chenye mistari myeusi ukingoni mwa ufizi, nami nikakiona kupitia nyama, kama kidole nyuma ya neti ya mbu. Wa pili alimulika na tochi ya simu.

Shangazi_Kakamega: Tochi ya simu, bila eksirei? Huyo ni daktari kweli?

BintiBahati: Haya, nitasema. Anafanyia kazi chumba cha nyuma ya saluni. Rafiki yangu alifungiwa hapo na anapendeza. Nimeshalipa 40,000 na harudishi. Harusi yangu ni Desemba. Wa kwanza anataka kukata nyama kwenye kaakaa anishonee kwenye ufizi wa chini, kisha ningoje ipone. Muda huo nautoa wapi? Msinigombeze kuhusu saluni, nimeuliza fizi tu.

BabaPacha_Lanet: Nyuma ya saluni! Binamu yangu alitobolewa masikio mahali kama hapo, usaha ukamtoka mwezi mzima.

Mchunguzi_M: Jamani, mnachezewa. Akaunti ina siku mbili. Kuna kijiti, kuna saluni, kuna harusi, na Shangazi ana jibu tayari. Subirini, kesho mtapewa namba ya kliniki.

BabaPacha_Lanet: Hata mimi nimeanza kushuku.

NyarKondele: Mwacheni. Anayetunga hadithi hujipamba, huyu anajianika.

BintiBahati: Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani mchumba wangu anaijua. Hizo 40,000 hazikuwa akiba yangu. Zilikuwa za tenti ya harusi, na bado hajajua. Tena kuna jino la chini kushoto, la pili kutoka katikati, ambalo ufizi wake umeshashuka. Jino hilo linaonekana refu kuliko mwenzake. Nikipiga mswaki natema mate ya waridi.

Shangazi_Kakamega: Sina kliniki ya kutangaza. Sikiliza, mama. Ufizi ule unaoonyesha kijiti kwa kawaida unene wake hauzidi milimita 1. Mfupa wa mbele ya meno ya chini nao ni mwembamba. Meno yakisukumwa mbele, mzizi unaweza kutoka nje ya mfupa, na ufizi mwembamba hauna nguvu ya kuushikilia. Unashuka, na ukishashuka haupandi wenyewe. Si kila mtu hupatwa na hilo, lakini wako umeshaanza kushuka kabla hata ya waya. Hiyo damu nayo mara nyingi ni ya ukoga uliojificha chini ya ufizi. Ukifunga waya juu yake, ukoga unapata vichaka vya kujificha. Usafishwe kwanza, damu ikome, ndipo daktari aamue kama kushona kunahitajika. Nyama ya kaakaa inauma kama umeungua na chai ya moto, wengi kwa wiki mbili hivi. Nimewaona wakipona na kufunga waya vizuri, hata wenye miaka 50.

Mchunguzi_M: Nimekuelewa, samahani dada. Jina la huyo wa saluni umelitafuta kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa Kenya, wakiwemo wa meno? Iko mtandaoni.

BintiBahati: Nimelitafuta sasa hivi mara tatu, nikabadilisha na herufi. Halipo.

NyarKondele: Basi 40,000 zimeenda. Mdomo bado unao.

BintiBahati: Kesho asubuhi nampigia yule wa kwanza. Desemba nitacheka na meno yangu haya haya. Mchumba wangu yuko sebuleni anatazama mpira. Nangoja mapumziko, nimwambie habari ya tenti.