Kama VVU vinaua CD4, zile seli za kinga, mbona zangu ni 640?

Binti_Muheza:
Habari za humu. Machi nilishikwa homa siku sita, koo likawaka, mitoki ikanivimba shingoni. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, nikameza mseto hivyo hivyo. Nikapima na VVU kwa kile cha tone la kidole: sina. Juni nikarudia: ninavyo. Dawa nilianza siku ile ile. Kinachonitatiza ni CD4 nilizopimwa kabla ya kidonge cha kwanza, 640. Mtu mzima wa afya si ndiye mwenye hizo? Wamekosea, au virusi vyangu vivivu? Na ile wiki ya homa mwili wangu ulikuwa unafanya nini?

Mzee_wa_Darubini:
Mdogo wangu, hawajakosea. Nina miaka 19 maabara, swali hili naliulizwa dirishani mpaka nimelizoea.

Damu tunayokutoa mkononi ina kama seli 2 tu katika kila 100 za jamii ya CD4. Zilizobaki zimo kwenye mitoki, wengu, na kwa wingi sana ukutani mwa utumbo. Vita ya wiki za mwanzo ni huko tumboni, maana CD4 za utumbo ndizo zenye mlango ambao VVU hupendelea kuingilia. Zinateketea, na sindano yangu haifiki huko. Za kwenye damu nazo huporomoka siku za homa, halafu hupanda tena, ingawa kwa kawaida hazirudi pale pale. Wewe ulipimwa zimekwisha kupanda.

Sasa homa. Kuna askari wengine, CD8. Hawa husaka seli iliyokwisha kuvamiwa na kuiua na virusi vyake ndani. Machi walikuwa wanazaliana kwa fujo; mitoki ndiyo kambi yao, na kemikali wanazoitana nazo ndizo zilizokuchemsha. Kuna watafiti waliowatoa watu damu mara 2 kwa wiki, Mbeya, Kericho, Kampala na Thailand, tangu kabla hawajaambukizwa. Majibu yalitoka 2016: virusi hufika kileleni yapata siku ya 13 tangu vionekane kwenye damu, mamilioni katika mililita moja, na kufikia siku ya 31 hivi vimeshuka hadi makumi ya maelfu. Bila kidonge! Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya CD8.

Kipimo cha kidole kilitafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi. Siku ile zilikuwa hazijatosha.

Chuma_Ngamiani:
Kwa hiyo mwenye CD8 kali aachane na ARV?

Mzee_wa_Darubini:
Thubutu! VVU hubadili sura upesi, na CD8 waliokariri sura ya jana wanapishana navyo njiani. Vingine hujificha ndani ya seli zilizolala, tena mapema mno. Wanaovidhibiti wenyewe kwa miaka hawafiki 1 kati ya 100. Usijipe nafasi hiyo kwa kubahatisha, kaka.

Dada, mwenzako kapima?

Binti_Muheza:
Alipima siku moja nami, Juni. Hana. Mhudumu akamwambia arudie, akakataa, eti kipimo hakidanganyi. Jioni hii namsomea habari ya Machi yangu, Jumatatu twende wote.