Matplotlib (maktaba ya Python ya kuchora): x, y, z zimekwisha hesabiwa, lakini mchoro unatoka zigizaga

Gridi_Goma: Jambo wandugu. Nina faili la CSV lenye mistari 2501: x, y na z, yaani kina cha maji ya ziwa Kivu mbele ya Goma. Hesabu imekwisha, nataka kuchora tu. Ni UTM 35S (mfumo wa ramani unaopima kwa mita), x toka 743000 hadi 749000, y toka 9808000 hadi 9812000, hatua mita 100. `plt.plot(x, y)` inatoa zigizaga, na `plt.contourf(x, y, z)` inakataa: «Input z must be 2D, not 1D».

Mpimaji_Himbi: Ndugu, `plot` inaunganisha alama kwa mfuatano wa faili. Ikifika mwisho wa mstari wa gridi inarukia mwanzo wa unaofuata, ndiyo zigizaga hiyo. `contourf` inataka jedwali, na `reshape` ndiyo inayopanga orodha kuwa jedwali. Kwa x una thamani 61, kwa y 41, na 61 × 41 ni 2501: gridi imekamilika, usikisie alama yoyote.

```
X, Y, Z = [a.reshape(41, 61) for a in (x, y, z)]
fig, ax = plt.subplots()
c = ax.contourf(X, Y, Z, levels=20)
fig.colorbar(c, label='Kina (m)')
ax.set_aspect('equal')
```

Mstari wa mwisho usiuache, la sivyo ziwa litavutika.

Gridi_Goma: Aksanti. Sasa inachora, ila rangi zinapandana ovyo, hata ufuko hautambulikani.

Mpimaji_Himbi: Chapa `x[:3]` na `y[:3]` utuonyeshe.

Gridi_Goma: x: 743000, 743000, 743000. y: 9808000, 9808100, 9808200.

Ramani_Bukavu: Basi kwako y ndiyo inayobadilika kwanza. Weka `a.reshape(61, 41).T` kwa zote tatu (`.T` inageuza mistari kuwa safu). Hapa ndipo watu wengi wanapotea: idadi ni ileile 2501, kwa hiyo `reshape` hailalamiki hata ukigeuza mpangilio.

Angalia pia nchi kavu. Kama imeandikwa -9999, fanya `z = np.where(z == -9999, np.nan, z)` kabla ya `reshape` (`np.nan` ni thamani tupu); bila hivyo skeli ya rangi inaanzia -9999 na karibu ziwa lote linakuwa rangi moja. Ile `1e6` juu ya mhimili wa y inaondoka kwa `ax.ticklabel_format(style='plain', useOffset=False)`.

Na mwenye faili lililotoka Excel ya Kifaransa, desimali zina mkato: `pd.read_csv('kina.csv', sep=';', decimal=',')`.