Usinga wa Mwindo mezani: tuupime kwa pointi au kwa masharti?

MTOA MADA, GOMA

Ndugu wachezaji, swali ninalolileta limetugawa sisi wenyewe tunaokutana kila Jumapili baada ya misa hapa Himbi. Kwa kuwa najua wenzetu wa Bukavu na Lubumbashi nao wameanza kutunga michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo watu hukaa mezani kila mmoja akimbeba mhusika wake, kutokana na hadithi za kwetu, naona ni afadhali tulijadili mbele ya wote kuliko kila meza kujiamulia. Tunapochukua nguvu za ajabu zilizomo katika utendi wa Mwindo na kuzigeuza kuwa kanuni za mchezo wa mezani, je, tuzihesabu kwa pointi zinazotumika na kuisha, au tuzifunge kwa masharti na miiko ya utendi wenyewe?

Kwa asiyeufahamu, utendi huu ni wa Wanyanga wa upande wa Walikale, magharibi ya mji wetu. Shekarisi, yaani msimulizi wa tendi, aitwaye Rureke aliusimulia mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Shemwindo, mwami, yaani mtawala, wa Tubondo, aliwakataza wake zake saba wasimzalie mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa hata hivyo, anatembea na kusema, akiwa ameshika conga, yaani ule usinga wake wenye nguvu. Baba yake anamrushia mikuki, haimpati, anamzika, anatoka, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini, naye anasafiri ndani ya maji mpaka kwa shangazi yake, Iyangura. Kwa usinga huohuo, baadaye, anawafufua watu wa Tubondo waliokufa katika vita vyake na baba yake.

Mwezi uliopita tulijaribu njia ya pointi. Mwindo alipewa pointi 10: kukwepa mkuki kuligharimu 1, kufufuka au kumfufua mtu 3. Kijana aliyemwigiza aliziandika kwa penseli pembeni ya karatasi yake, akawa anazifuta moja moja kwa kifutio. Tukafika kuzimu kwa Muisa, ambako katika utendi mshipi wa Muisa, uitwao karemba, unampiga Mwindo mpaka anakufa, na usinga unamrudishia uhai. Kijana akatazama karatasi, akahesabu, akasema: «Ninazo nne, nalipa tatu, nimefufuka.» Hakuna aliyeshtuka. Dada aliyemwigiza Iyangura, ambaye hakuwa na la kufanya tangu tulipoingia kuzimu, aliendelea kumenya karanga bila kuinua macho.

Jambo lile lilinisumbua wiki nzima, kwa sababu katika utendi Iyangura hayuko mbali hata kidogo. Kabla ya kushuka, Mwindo anamwachia shangazi yake ncha moja ya kamba, naye anashika ncha nyingine, akimwambia kwamba akiona kamba imetulia, haichezi tena, ajue amekufa. Basi kifo cha Mwindo hakitokei kuzimu peke yake: kinasikika kwenye kiganja cha mwanamke aliyebaki juu ya ardhi. Mchezo wetu uliipoteza kamba hiyo, na uliipoteza kwa sababu pointi ni mali ya mtu mmoja, kama fedha iliyomo mfukoni mwake.

Mtu ataniuliza: kwani michezo mikubwa ya nje haikutumia hesabu? Ilitumia, na ilikuwa na haki. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, walifuata wazo la hadithi za Jack Vance zilizoanza kuchapishwa kama kitabu mwaka 1950, ambamo mchawi hukariri maneno ya nguvu, na akishayatamka yanamtoka akilini mpaka ajifunze tena. Kuhesabu maneno hayo ni kuifuata hadithi jinsi ilivyo. Mchezo wa Call of Cthulhu wa mwaka 1981 haukuiga njia hiyo, kwa sababu katika hadithi zake anayejua mambo yaliyofichika huharibikiwa na akili, hivyo kila anayetumia nguvu hizo hupunguza utimamu wake. Ars Magica ya mwaka 1987, ambayo wahusika wake ni wasomi wa Ulaya ya kale, ilijenga kila kitu juu ya vitenzi vitano na nomino kumi za Kilatini zinazounganishwa, kana kwamba nguvu yenyewe ni sarufi. Kila mmoja alikwenda kwenye hadithi yake kwanza, ndipo akatafuta dadu.

Sasa twende kwenye hadithi yetu. Baada ya Mwindo kumuua joka Kirimu, Nkuba, yaani radi, ambaye alikuwa rafiki yake lakini pia rafiki wa Kirimu, anamchukua mpaka juu mbinguni. Anakaa huko mwaka mzima, akipigwa na baridi, mvua na jua, kisha anarudishwa akiwa amekatazwa kuua mnyama yeyote. Hakuishiwa na kitu chochote. Usinga wake ulikuwa na nguvu zilezile siku hiyo kama siku aliyozaliwa. Kilichomponza ni kutenda bila kujali nani amefungamana na nani. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tufute pointi, tuandike masharti: nani ameshika kamba, nani ameudhiwa, ni mwiko gani umewekwa.

MCHANGIAJI, BUKAVU

Ndugu mtoa mada, nimesoma kwa makini na habari ya kamba imenigusa, lakini sikubaliani nawe. Aliyekaa kumsikiliza shekarisi hahitaji haki sawa na jirani yake. Mchezaji anaihitaji, kwa sababu ametenga mchana wake, anataka zamu yake, na hapa Kadutu giza likianza kuingia kila mtu lazima awe njiani kurudi nyumbani. Mwaka jana tulicheza kwa masharti matupu, bila namba. Msimamizi wa mchezo alikuwa kaka wa mchezaji mmoja, na kila mdogo wake alipovunja mwiko, ilionekana kwamba mizimu imekasirika kidogo tu; mwingine alipovunja mwiko uleule, alipoteza mkono. Mtoto wa miaka kumi na minne aliyepoteza mkono huo hakurudi tena. Pointi zinamlinda asiye na mtu mezani.

Tena kasoro uliyoieleza naona si ya pointi. Mlimpa Mwindo pointi 10, Iyangura mkampa nini? RuneQuest ya mwaka 1978 ilifungua nguvu za ajabu kwa karibu kila mhusika, hata mpiganaji wa kawaida, na kwa hiyo hakuna aliyekaa kumenya karanga. Mpeni shangazi hesabu yake, mpeni Nkuba hesabu yake, halafu mlete malalamiko upya.

MCHANGIAJI, LUBUMBASHI

Mimi sitaingia kati yenu kuhusu hesabu, ila naomba jambo moja liamuliwe kabla ya kanuni yoyote kuchapwa: neno litakaloandikwa juu ya safu hiyo ya karatasi. Katika rasimu niliyoiona hapa kwetu liliandikwa «Uchawi: 12». Mama wa mchezaji mmoja aliikuta karatasi ndani ya daftari la shule, akaichana, na kwa siku tatu mtoto alihojiwa nyumbani kana kwamba amekiri jambo. Mnajua wote neno hilo, na ndugu yake «ulozi», yanawafanyia nini watoto katika miji yetu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na haikuandikwa bure. Mtoto wa kwetu hapaswi kubeba karatasi yenye jina lake na neno hilo chini yake, hata kama ni mchezo. Mwindo si mlozi; usinga wake una jina, liandikwe jina hilo.

MTOA MADA, GOMA

Ndugu wa Lubumbashi, neno hilo tumeliondoa tangu jana. Safu sasa inaitwa «Conga», na ya Iyangura inaitwa «Kamba».

Ndugu wa Bukavu, umenishinda nusu. Habari ya yule mtoto na mkono wake imenikaa rohoni, na nakubali kwamba sharti lisiloandikwa kwa namba huwa ni hiari ya msimamizi tu. Lakini ukimpa kila mmoja pointi zake, utakuwa na mifuko mitano mahali pa mmoja, na bado hakuna kitakachopita kutoka mkono hadi mkono. Kwa hiyo tumetafuta namba isiyo ya mtu mmoja, na naieleza hapa muipime.

Tumechukua kamba ya kweli, ya katani, urefu wa meza, tukaipiga mafundo saba, kwa sababu saba ndiyo hesabu ya utendi huu tangu wake wa Shemwindo. Mwindo ana ncha moja, Iyangura ana nyingine. Kila Mwindo anapotumia usinga, anafungua fundo moja mbele ya wote. Akiuawa, yeye harushi dadu. Anayerusha ni Iyangura, dadu moja ya kawaida ya ludo, na namba ikiwa sawa na mafundo yaliyobaki au chini yake, Mwindo anafufuka. Yakibaki sita au saba, hakuna wasiwasi. Yakibaki mawili, matokeo mawili tu kati ya sita ndiyo yanayomwokoa. Mwindo haruhusiwi kufunga fundo jipya. Mwenzake ndiye hulifunga, akiacha kitu chake mwenyewe: silaha, zamu, au ahadi aliyokuwa akiidai. Msimamizi hana nafasi ya kumpendelea mdogo wake hapo, maana hashiki kamba wala dadu. Safari ya kwa mungu Sheburungu tumeibakiza jinsi utendi ulivyo, ambapo Mwindo anacheza wiki, mchezo wa bahati, anapoteza kila kitu, kisha anaweka usinga wake rehani na kurudishiwa vyote: mrusho mmoja, bila mafundo.

Tuliijaribu Jumapili iliyopita. Kijana alifungua mafundo kwa haraka, kama alivyozoea kufuta penseli, na karemba ilipompiga yalikuwa yamebaki mawili. Dada yule hakuwa na karanga siku hiyo. Aliishika kamba kwa mkono wa kushoto, akairusha dadu kwa mkono wa kulia, ikatoka tatu. Walioigiza wajomba wa Mwindo wakaanza kubishana kama mtu mwingine anaweza kushuka kuuokota usinga, nami nikafungua utendi kutafuta jibu, na yeye muda wote huo hakuiachia kamba. Mpaka saa ya kufunga hatukuwa tumeafikiana. Aliikunja kamba akaondoka nayo, nasi tunaendelea Jumapili hii saa nane. Mwenye rai kuhusu kama shangazi anaweza kushuka mwenyewe aiandike kabla ya hapo.