Naombeni ushauri: nimepewa kazi ya kupanga matengenezo kiwandani, ratiba haifiki hata Jumatano

Dada_Spana
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 6 kwenye ufundi mitambo. Tangu Februari nimetolewa karakana nikapewa nafasi ya mpangaji wa matengenezo, kwenye kiwanda cha kukamua alizeti huku Singida. Hakuna aliyewahi kuishika nafasi hii kabla yangu, kwa hiyo sina wa kumuuliza.

Tuna ekspela 4 (mashine za kukamua mafuta), boila moja, mitambo ya kusafisha mbegu, konveya za skrubu na za ndoo (hizi zinapandisha mbegu juu), pampu na vichujio. Mafundi ni 11. Wanne wanazunguka zamu, saba ni wa mchana. Kila Ijumaa naandaa ratiba ya wiki ijayo na kuibandika ukutani. Jumatatu saa 2 asubuhi simu inalia: konveya ya ekspela namba 2 imekwama. Nachukua vijana watatu tunakimbia. Tukimaliza, pampu nayo imeanza kuvuja. Wiki iliyopita nilipanga kazi 23, zikafanyika 5.

Daftari la kazi zinazosubiri sasa lina kazi 140. Meneja uzalishaji ameniambia mbele ya watu kwamba karatasi zangu za ukutani hazimsaidii kitu. Imeniuma, maana mashine inayokwenda kufa naiona kwa macho: beringi ya juu ya konveya ya ndoo inalia tangu Machi, na Juni mbegu zitaanza kumiminika. Nianzie wapi? Niombe wanunue programu ya kompyuta?

Mzee wa Boila
Binti yangu, pole na pia hongera. Nimefanya kazi hiyo miaka 14 kwenye sukari, Morogoro. Nikuulize kwanza: ile Jumatatu konveya ilipokwama, kwa nini simu ilikuja kwako?

Dada_Spana
Shikamoo mzee wangu. Wamezoea. Nilikuwa kiongozi wa zamu kabla ya hapa, na konveya zile nazijua kuliko wengine.

Mzee wa Boila
Marahaba. Basi hapo ndipo ratiba yako inapokufa. Kilichoharibika leo ni cha msimamizi wa mafundi. Mpangaji anaishi wiki ijayo. Ukikimbilia konveya Jumatatu, hakuna anayeandaa kazi za Jumatatu nyingine. Zitamfikia fundi zikiwa mbichi, atatumia siku nzima kwa kazi ya nusu siku, na mashine aliyotakiwa kuigusa itaharibika nayo. Ni duara. Nenda kwa bosi wako wa matengenezo, umwombe atamke mbele ya wote kwamba dharura haziji kwako. Bila hilo, mengine yote tutakayokuandikia hapa ni bure.

Baada ya hapo chukua hiyo beringi inayolia, iandalie kadi ya kazi kama ninavyokueleza. Panda mwenyewe juu ukaisome namba, mpaka herufi za mwisho, kwa sababu K moja tu inabadilisha kila kitu: yenye K tundu lake lina mteremko na inakaa juu ya kola (bomba fupi la chuma linalovikwa kwenye shafti), isiyo na K inakaa moja kwa moja kwenye shafti. Andika shafti ni ya milimita ngapi, oil sili gani, greisi gani na kiasi gani (beringi iliyoshindiliwa greisi inachemka). Andika swichi ipi inafungwa kwa kufuli na nani anabaki na ufunguo. Na hili usilisahau: upande wa ndoo zilizojaa ni mzito, ukilegeza juu mkanda unaweza kurudi nyuma kwa kasi na kukata mkono wa mtu. Ndoo zimwagwe kwanza na mkanda ufungwe imara. Kisha andika watu wawili, saa ngapi, ngazi ipi, jeki ipi. Fundi akipokea kadi hiyo asibaki na swali hata moja la kurudi kuuliza.

Mtunza_Stoo
Naongezea kutoka upande wangu wa dirisha. Dada, usiiweke kazi kwenye ratiba kabla hujaigusa spea yake kwa mkono wako. Kompyuta itakwambia zipo 2, ukifika kwenye shelfu hakuna. Sisi mpangaji hutuletea orodha Jumatano, nakusanya vitu vya kila kazi kwenye kreti lake na namba ya kadi juu. Jumatatu fundi anabeba kreti anaondoka. Zamani walikuwa wanapanga foleni kwangu hadi saa 4 asubuhi, na nusu yao wanarudi mikono mitupu. Sheria yetu moja: atakayechomoa kitu kwenye kreti kwa ajili ya dharura anasaini, na mpangaji anajulishwa saa hiyohiyo.

Spidi Mita
Mkuu, 140 hainiambii kitu. Kubana nati ni kazi moja, kufungua giaboksi ni kazi moja. Pitia daftari, futa zilizoandikwa mara mbili na zilizokwisha kufanyika bila mtu kuzifuta, kisha kila iliyobaki uiandikie saa za mtu (mafundi wawili kwa saa tatu ni saa 6). Wa zamu waachie dharura. Wa mchana 7 mara saa 45, ambazo ndizo saa za kawaida za wiki kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, unapata 315. Toa likizo na ruhusa, tuseme zinabaki 270. Kama daftari lina saa 800, una kazi ya wiki 3 hivi, na hiyo ni afya kabisa. Likiwa na saa 3,000, unaomba watu au mkandarasi, na safari hii unaomba ukiwa na hesabu mkononi.

Halafu usijaze saa zote 270. Panga 160 kwanza, zitimie.

Mzee wa Boila
Hapo mwisho sikubaliani na Spidi Mita. Ukiacha saa 110 wazi, zitajazwa na vikazi vya kila anayepita na ombi. Panga zote, kisha dharura ikija, msimamizi aseme kazi ipi inasogezwa. Ile iliyosogezwa ndiyo inakuonyesha dharura inakula nini.

Spidi Mita
Mzee, nakuelewa, ila yeye ametimiza 5 kati ya 23. Kwa sasa anahitaji watu waiamini karatasi yake. Akishazoeleka, apande mpaka zote.

Fundi wa Thika
Naandika kutoka Kenya, niko kiwanda cha vinywaji. Programu ngoja kwanza. Ukiingiza daftari chafu kwenye programu utapata daftari chafu la bei ghali. La muhimu ni kikao cha Alhamisi na meneja uzalishaji. Usimpelekee ratiba iliyokwisha kuandikwa. Muulize ni mashine ipi anaweza kukupa, siku gani, saa ngapi, mwandike pamoja. Akiitoa yeye mwenyewe, ataitetea.

Pia angalia usijaze ratiba na kufunguafungua mashine kwa kalenda. Ripoti ya mwaka 1978 iliyotoka United Airlines ilionyesha kwamba asilimia 89 ya vifaa vya ndege vilivyochunguzwa havikuwa na umri maalumu wa kuchoka. Skrubu za ekspela ni habari nyingine, zile zinasuguliwa na mbegu na zinaisha kwa saa za kazi, kwa hiyo zihesabie saa. Ila mota na giaboksi sikiliza, pima joto, ndipo ufungue.

Dada_Spana
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Jana nimeongea na bosi: kuanzia Jumatatu simu za dharura zinaenda kwa msimamizi. Meneja uzalishaji amekubali kikao cha Alhamisi, na ameanza kwa kunipa konveya ya ndoo Jumanne ijayo, saa 3 hadi saa 9.

Leo asubuhi nimepanda juu. Namba ni 22216 EK, kola H 316, shafti milimita 70. Nimeenda stoo: kuna boksi 2 mpya kabisa, zote 22216 E. Hazina K.

Mzee wa Boila
Tundu la hiyo ya stoo ni milimita 80 bila mteremko, haitakaa kwenye kola. Bado una siku 6. Agiza leo, na kola mpya pamoja.

Dada_Spana
Naenda ofisi ya manunuzi sasa hivi.