Wifi yangu ana mimba ya wiki 22, damu imeshuka hadi 9.6 na vidonge anameza. Tunakosea wapi?

nyota_ya_alfajiri:
Wakuu, naombeni ushauri. Wifi yangu ana mimba ya pili, wiki ya 22. Wiki ya 16 damu (himoglobini) ilikuwa gramu 10.2 kwa desilita, akapewa vidonge vya chuma vya ferasi salfeti vya miligramu 200, kimoja kwa siku. Juzi kipimo kimesoma 9.6. Huwa anameza asubuhi akimaliza chai, pamoja na kidonge cha kalsiamu ili asisahau. Anapata choo kigumu na cheusi, na siku nyingine anaruka dozi. Aongeze vidonge, abadilishe aina, au aanze multivitamini ya wajawazito?

mfamasia_zamu:
Dada, asiongeze chochote kabla ya kurekebisha saa ya kumeza. Chai na kalsiamu vyote viwili vinazuia chuma kufyonzwa, naye anavimeza pamoja. Sehemu kubwa ya kidonge inapita tu na kutoka chooni.

Halafu ile 200 ni uzito wa ferasi salfeti nzima, yaani chuma pamoja na kilichoungana nacho. Chuma chenyewe ndani yake ni kama miligramu 65. Ferasi fumareti ya 200 nayo inatoa karibu 65, ila glukoneti ya 300 inatoa 35 tu. Kwa hiyo mtu akibadilishiwa aina, aulize ina chuma halisi kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma halisi kwa siku kwa kinga, pamoja na mikrogramu 400 za foliki asidi, na 120 kwa mjamzito aliyekwisha kupungukiwa damu. Mwongozo wa wataalamu wa damu wa Uingereza unatosheka na 40 hadi 80 kila asubuhi. Sababu ni kwamba ukimeza dozi kubwa, ini hutoa homoni ya hepsidini inayofunga mlango wa utumbo kwa takribani saa 24. Dozi ya pili siku hiyohiyo inaingia kidogo, na kinachobaki ndicho kinacholeta kichefuchefu na tumbo kuvuruga.

Ameze tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula au saa mbili baadaye, kwa maji au juisi yenye vitamini C. Chai na kahawa visubiri angalau saa moja.

mkunga_mwandamizi:
Naongezea. Kushuka kidogo katikati ya mimba ni kawaida, kwa sababu maji ya damu yanaongezeka kuliko chembe nyekundu. Ndiyo maana wengine wanashusha kiwango cha chini kuwa 10.5 baada ya miezi mitatu ya kwanza. Lakini 9.6 iko chini kwa hesabu yoyote ile, msiipuuze.

Choo cheusi kisimtishe, ni chuma kilichobaki. Kikiwa cha kunata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, hapo aonwe na daktari. Kwa choo kigumu, maji ya kutosha na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Isipotosha aombe dawa ya kulainisha inayofaa mimba. Akishindwa kabisa kumeza kila siku, amwombe daktari ampangie siku moja kwa kuacha moja. Hiyo ni bora mara kumi kuliko kurukaruka bila mpango.

maabara_kwanza:
Je, feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, imepimwa? Chini ya mikrogramu 30 kwa lita akiba imekwisha, hata kama himoglobini bado haijaporomoka. Ila feritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi, hivyo namba nzuri mtu akiwa na homa haimaanishi chuma kipo. Waangalie pia ukubwa wa chembe nyekundu, seli mundu, thalasemia (ugonjwa wa damu wa kurithi), minyoo, na malaria kama anaishi kwenye maeneo yenye malaria. Kwa mwenye malaria au minyoo ya safura, vidonge peke yake ni kujaza ndoo iliyotoboka.

nyota_ya_alfajiri:
Asanteni sana. Feritini haijapimwa. Nilisahau pia kusema kuwa anatumia levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi, saa 12 asubuhi.

mfamasia_zamu:
Hilo ni kubwa, dada yangu. Chuma na kalsiamu vyote vinaishika levothairoksini tumboni, zitengane kwa saa 4. Ratiba iwe hivi: saa 12 asubuhi levothairoksini kwa maji, saa 2 chai na kifungua kinywa, saa 5 chuma, saa 7 chakula cha mchana na kalsiamu. Akienda kliniki aseme alivyokuwa anameza, huenda wakapima tezi upya.

Multivitamini hapana kwa sasa. Nyingi zina chuma cha miligramu 30 au pungufu, hiyo ni ya kinga, na baadhi zina kalsiamu humohumo. Akirundika mbili tatu anaweza pia kuzidisha vitamini A aina ya retinoli, ambayo ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

mkunga_mwandamizi:
Apime tena baada ya wiki 2 hadi 3 za kumeza sawasawa. Tegemea himoglobini kupanda kama gramu 1 kwa desilita kila wiki 2. Isipopanda, wazungumzie chuma cha mshipa, yaani cha dripu. Kinaruhusiwa baada ya miezi mitatu ya kwanza, na ni bora kuamua mapema kuliko kusubiri wiki ya 36. Damu ikishuka chini ya 7, au akikosa pumzi akiwa amekaa tu, moyo kwenda mbio au kuzimia, aende hospitali siku hiyohiyo.

Damu ikifika 11 asiache. Aendelee miezi 3 ili akiba ijae, na angalau wiki 6 baada ya kujifungua.

maabara_kwanza:
Na kwa kuwa kuna mtoto mkubwa nyumbani: vidonge hivyo vingi vina rangi na ganda la sukari kama pipi. Vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Viwekwe juu, kwenye kabati la kufungwa, si kwenye mkoba wala kando ya kitanda.