Gari la kwanza la kijana: nichukue Yaris au nisubiri?

Mama Kijana, Columbus

Wanajamii, hamjambo? Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, kila mmoja achukue yake.

Kijana wangu katimiza miaka 16 hapa Ohio, Marekani. Saa 24 za darasani kamaliza, saa 8 za kuendesha na mwalimu kamaliza, na zile 50 za kukaa na mzazi ndizo zilizonizeesha. Kumi kati ya hizo ni za usiku, tena nyingine kwenye theluji. Leseni sasa anayo. Mimi nafanya zamu ya usiku ghalani, baba yake yuko barabarani na lori wiki nzima, na mdogo wake lazima afikishwe mazoezini.

Nina dola 8,000 taslimu. Mkopo sitaki hata kuusikia. Nimeona Toyota Yaris ya 2009, maili 96,000, dola 5,200. Nyumbani Dar nilikuwa na Vitz miaka sita, haijaniangusha hata siku moja, mafuta inanusa tu. Kijana mwenyewe anataka Mustang, lile gari la mbio. Nimemwambia Mustang atanunua nikishazikwa.

Nishaurini kabla ya Jumamosi, maana mwenye gari anasema kuna mteja mwingine.

Fundi, Columbus

Dada, huyo mteja mwingine yupo siku zote. Mimi nimemsikia kwa miaka kumi na moja na sijawahi kumwona sura.

Yaris na Vitz ni damu moja, kwa uimara sina ugomvi nayo. Ila Dar ulikuwa unaenda nayo wapi? Mwenge mpaka Posta, kwenye foleni. Hapa mwanao ataingia barabara kuu ya I-270 jioni, kushoto lori la magurudumu 18, kulia pikapu ya tani mbili na zaidi. Yaris ile haifiki kilo 1,100. Zikikutana, jepesi ndilo linalorushwa, na aliyemo ndani ndiye anayebeba mshindo. IIHS, ile taasisi ya kampuni za bima inayogongesha magari ili kuyapima, hutoa pamoja na Consumer Reports orodha ya magari yaliyotumika yanayofaa vijana. Vigari vidogo kabisa havimo. Vya mbio navyo havimo. Kwa hiyo wewe na mwanao mmekosea wote, kila mtu kwa upande wake.

La pili ni ESC. Gari likianza kuserereka, mfumo huo unashika breki ya tairi mojamoja na kulirudisha kwenye mstari kabla dereva hajajua kilichotokea. Dereva mgeni kwenye barafu anauhitaji kuliko redio. Sheria ya hapa iliulazimisha kwa magari yote madogo kuanzia modeli ya 2012. Kabla ya hapo mengine yanao, mengine hayana. Fungua swichi bila kupiga stata, utazame dashibodi: kuna kataa kenye picha ya gari na mikia miwili ya nyoka nyuma yake. Kawake, kisha kazime. Kasipowaka kabisa, uliza kwa nini.

Kwa hela yako tafuta Camry, Accord au Mazda6 ya 2012 hadi 2014, silinda nne. Usimalize 8,000 yote kwenye gari. Bakiza dola 700 au 800 za matairi na breki, utazihitaji tu.

Baba wa Houston

Mnahangaika bure. Mnunulieni Tahoe ya zamani, nani atamgonga?

Fundi, Columbus

Kaka, swali ni yeye atamgonga nani. Dude lile halisimami upesi, na kijana wa miaka 16 bado anajifunza kusimama. Orodha ile imeyaacha magari makubwa mno pia.

Mzee wa Dayton

Nina mchango mmoja, na ulinigharimu dola 6,500.

Nilimnunulia binti yangu gari kwenye yadi ambayo sitaitaja. Linang'aa, maili chache, ndani limepuliziwa manukato kama bi harusi. Nilifurahia yale manukato, jamani! Wiki ya tatu dirisha la nyuma likagoma. Kisha taa za ndani zikawa zinawaka zenyewe usiku. Fundi alipofunua zulia chini ya kiti cha dereva, akanionyesha boliti zimeliwa na kutu nyekundu, na tope kavu, laini kama unga wa muhogo. Gari lilikuwa limezama kwenye mafuriko jimbo jingine. Lilisajiliwa upya mara mbili, na kwenye kadi ya gari lile neno la "salvage", yaani gari lililohesabiwa hasara, likapotelea njiani.

Siku hizi kabla sijasalimiana na muuzaji navuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake. Sehemu ya mwisho haioshwi na mtu. Ikiwa na doa la maji au harufu ya uvundo, naaga. Kisha nainua tairi la akiba nione chini yake. Namba ya chesisi, zile herufi na tarakimu 17 chini ya kioo cha mbele, naiingiza VINCheck ya NICB, ofisi ya kampuni za bima inayopambana na wizi, bure, kuona kama gari limewahi kuripotiwa limeibwa au limeandikwa salvage. Halafu naiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani, bure pia, kuona kama kiwanda kimeliita gari lirudishwe kwa matengenezo. Hayo matengenezo hulipi. Usidharau: mifuko ya hewa ya Takata iliitwa kwa mamilioni, ikilipuka inarusha vipande vya chuma usoni, na bado kuna watu wanaiendesha.

Na ile karatasi ya Buyers Guide, ya maelezo kwa mnunuzi, yadi inalazimika kuibandika kwenye kioo cha dirisha. Ikiwekwa alama kwenye "As Is", yaani kama lilivyo, gari likifia getini ni lako.

Binti wa chuo, Minneapolis

Shikamooni. Mimi ndiye niliyekuwa huyo kijana miaka mitatu iliyopita, naomba niseme.

Mama, kwa Kia na Hyundai za 2011 mpaka 2021 zenye ufunguo wa kuzungusha, kuwa mwangalifu. Nyingi hazina kifaa cha kuzuia wizi, na video za mitandaoni zilifundisha watoto kuziiba. Mnamo 2023 kampuni zilianza kutoa programu ya kurekebisha bure. Uliza kama imewekwa, na upige simu ya bima kabla ya kulipa, siyo baada.

Halafu mniwie radhi. Nyumbani kwetu gari bovu kuliko yote lilipewa dereva mchanga kuliko wote, na zuri akabaki nalo baba mwenye uzoefu wa miaka 25. Kwa nini isiwe kinyume chake?

Mzee wa Dayton

Huyu binti kasema kweli, na nimekasirika kidogo.

Mama Kijana, Columbus

Mrejesho. Yaris niliiacha. Yule mteja mwingine hajaichukua mpaka leo.

Nimepata Camry ya 2013, silinda nne, maili 118,000, mwenyewe mama mstaafu mwenye risiti zote za oili kwenye bahasha. Aliomba 7,900. Nililipa dola 150 kwa fundi asiyemjua muuzaji, aipandishe juu na kuikagua. Akakuta puti kwenye bampa la nyuma, na matairi ya wiki ya 38 ya 2016. Ile 3816 imeandikwa ubavuni, nilikuwa sijui kuisoma. Kashata zilikuwa zimebaki, lakini mpira umepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Tukamalizana kwa 7,200. Bima imepanda kutoka 140 hadi 262 kwa mwezi, hapo kwa punguzo la alama nzuri shuleni, kwa hiyo sasa hesabu ni shida ya nyumba nzima.

Kijana kalizunguka mara moja, akasema linafanana na gari la mchungaji.

Binti wa Minneapolis, maneno yako yaliniuma usiku kucha. Kijana ataendesha Honda CR-V yangu mpaka theluji iishe, mimi nitaenda kazini na Camry. Rafiki mmoja tu ndani kwa sasa, kama sheria ya Ohio inavyosema, na mdogo wake akae nyuma.

Kuna mwenye seti ya matairi ya theluji ya Camry, 205/65R16, anayoiuza? Niko tayari kuyafuata mpaka Dayton.