Naombeni ushauri: nitajuaje kama hiki ni cha mzinga wa Königsberg?

Mtoto wa Delta
Wakuu, habari za usiku. Mwenye uelewa wa mizinga ya meli anisaidie haraka, sina usingizi. Nyumbani Rufiji kuna kitu cha shaba ya njano, mzee alikitoa kwenye tope akitafuta kaa. Upana kwa rula ni sentimita 10 na ushee. Mtu wa Dar anakitaka, ila anasema bei inapanda kama ni cha Königsberg, ile manowari ya Wajerumani, na inashuka kama ni cha Mwingereza. Nitatofautishaje? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

Kiti cha Mbele
Nakaa hapa nisubiri wajuzi.

Mwalimu Pwani
Mkuu, umenigusa penyewe. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Pegasus ya Waingereza, aliyoizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilikuwa na mizinga 8 ya inchi 4, yaani milimita 102 hivi. Rula haiwezi kukuamulia milimita 3, tafuta fundi mchonga vyuma akupimie. Ila kwa Rufiji ningesema ni ya Mjerumani, maana Severn na Mersey, meli za Waingereza zilizommaliza Königsberg mle mtoni Julai 1915, zilikuwa na za inchi 6 na 4.7. Hizo ni nene zaidi.

Na hiyo shaba ndiyo yenye hadithi. Miaka ya 1880 mashua ndogo za torpedo, yaani bomu linalosafiri majini, zilianza kuzitia hofu meli kubwa. Mizinga ya wakati ule ilishindiliwa kombora, kisha mfuko wa baruti. Kabla hujapiga ya pili mashua imeshakufikia. Ndipo baruti ikatiwa kwenye ganda la shaba lililoshikana na kombora, kama risasi ya bunduki. Moto ukiwaka shaba inatanuka na kuziba, gesi haitoroki kwa nyuma. Wakaongeza mitungi ya kupokea teke la mzinga na kuurudisha pale pale, mlengaji asianze upya. Meli ndogo zikapata meno. Pegasus ilionja: ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo, na makombora yake yakaishia majini wakati ya Königsberg yanafika.

Baharia Mstaafu (Mombasa)
Mwalimu ahsante sana. Mimi nilitumikia mashua za kivita za jeshi letu la majini pale Mtongwe, zile mbili zilizoitwa Nyayo na Umoja, zenye mzinga wa Kiitaliano wa milimita 76. Wale wa Königsberg walikuwa wakibeba risasi ya kilo 25 mikononi, meli inayumba. Wetu haukuwa na mtu ndani ya kibanda chake. Risasi 80 zimekaa tayari kwenye ngoma chini ya sitaha, mtambo unazipandisha wenyewe, 85 kwa dakika; toleo la baadaye linafika 120. Kombora lenyewe ni kilo 6 na kidogo tu, lakini linapiga meli, ndege na nchi kavu. Mzinga mzima ni tani 7 na nusu hivi, ndiyo maana chombo kisichofika mita 60 kinauweza. Siku ya kwanza tulipofyatua niliisikia sitaha kwenye meno yangu.

Mkija Fort Jesus, mzinga wa Königsberg na wa Pegasus wamewekwa hapo wote wawili. Nimempeleka mjukuu wangu mara tatu.

Mama Wawili
Mwanangu, hiyo ni historia yetu. Wapagazi wetu wamekufa kwa maelfu katika vita ile ya watu wengine, leo unauza kwa kilo? Peleka Makumbusho ya Taifa.

Fundi Grainda
Mleta uzi, swali moja. Mdomo uko wazi au kina kichwa?

Mtoto wa Delta
Mama shikamoo, nimekusikia. Mwalimu, kwa hiyo niseme ni ya Mjerumani?

Fundi Grainda
Narudia. Kina kichwa?

Mtoto wa Delta
Kina kichwa, cha chuma, chenye ncha. Kimeliwa na kutu. Ila mkuu, kimelala kwenye tope zaidi ya miaka 100, hiyo baruti imeshalowa. Fundi wa kijijini atakikata Jumamosi, mnunuzi anataka shaba tu. Na pesa nusu nimeshapokea, nimelipa ada ya mdogo wangu. Sina pa kurudi.

Fundi Grainda
Unapo. Aliye mbele ya grainda ndiye hatakuwa na pa kurudi. Kilichomo kichwani si lazima kife kwa maji, na fyuzi, yaani kiwashio chake, iliyoliwa na kutu haitabiriki. Kisibebwe, kisigongwe, kisichomwe. Watoto watoke hapo, mwenyekiti wa kijiji aite polisi, wao watawaleta wanajeshi wa mabomu.

Kijiti
Hii chai. Mwezi wa tatu ulikuwa Kahama unaomba ushauri wa mashine ya kusaga, leo una mzee anayetafuta kaa Rufiji? Halafu inajulikana Wajerumani waliibeba mizinga yote 10 pamoja na risasi, wakaitia magurudumu Dar. Hiyo imetoka wapi? Picha hamna.

Mwalimu Pwani
Kijiti, mizinga waliiopoa, kweli. Ila meli ilipigwa, ikaungua, kapteni akailipua kwa kichwa cha torpedo, na wapiga mbizi wakatafuta risasi kwenye maji ya tope. Risasi kubaki chini si ajabu.

Mtoto wa Delta
Kahama nafanya kazi, Rufiji ni kwetu. Picha ningeiweka, ila mnunuzi alinikataza.

Mama Wawili
Anayekukataza picha hakutakii mema. Hiyo ada tutaongea, hapa kuna watu. Kwanza kitu kiko wapi saa hii?

Mtoto wa Delta
Kilikuwa uvunguni kwa mzee. Jioni fundi amekibeba kwa pikipiki.

Fundi Grainda
Mpigie sasa hivi.

Mtoto wa Delta
Inaita, hapokei. Namtuma mdogo wangu kwa mwenyekiti.

Baharia Mstaafu (Mombasa)
Mwambie asimame mbali, aite kwa sauti. Asiingie ndani. Tuko hapa, tujulishe.